Giza la Saa Nane Mchana

Blanketi lililoziba mlango wa kibanda cha video cha Rashidi lilikuwa na harufu tatu, na hadi leo nikizikuta pamoja mahali popote, moyo wangu hurudi kuwa wa mtoto wa miaka tisa. Ya kwanza ilikuwa ya petroli ya jenereta. Ya pili ilikuwa ya omena, kwa sababu pale bichini kwetu, Asembo Bay, hakuna kitu kilichokwepa harufu ya wale samaki wadogo: nyavu zilinuka omena, sare za shule zilinuka omena, na hata Biblia ya Mama ukiifungua Zaburi ilinuka omena. Ya tatu ilikuwa ya sabuni ya mche. Kuta za kibanda zilikuwa mabati makuukuu yenye matundu ya misumari, na Rashidi alikuwa ameyaziba moja moja kwa vipande vya sabuni alivyovilainisha kwa kidole, akisema picha haipendi jua. Basi ukiinua blanketi lile saa nane mchana, jua lote la ziwani linabaki nje pamoja na viatu, na wewe unaingia mahali peusi kama ndani ya chungu. Watoto wenzangu waliingia wakicheka. Mimi niliingia nikiwa nimeshajua nitatokea wapi.

Naitwa Atieno. Kwetu hilo ni jina la msichana aliyezaliwa usiku, na kwa bahati mbaya msichana huyo aliogopa giza kuliko mtoto yeyote bichini. Fikiria aibu yake. Risper, jirani yetu aliyeanika omena karibu na Mama, alikuwa na mdomo usiopumzika, na kila akiniona nakimbilia nyumbani jua likizama alipaza sauti: "Angalieni Atieno anatoroka jina yake!" Na wanawake wote kwenye nyavu walicheka mpaka omena warukeruke. Mama pia alikuwa anacheka, lakini kidogo, halafu ananiambia nichukue beseni tuondoke.

Aibu yenyewe ilikuwa na mizizi mirefu zaidi ya jina. Omena huvuliwa gizani. Wavuvi hutoka na karabai, wanaziweka juu ya maji, na samaki wale wanakusanyika chini ya mwanga kama watu kwenye harusi. Ndipo wavu unashuka. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linakuwa limewaka na karabai haina kazi tena. Omena wanatawanyika, boti zinalala mchangani, wanaume wanashona nyavu na sufuria zetu zinakuwa nyepesi. Watu wa kwingine huufurahia mwezi, huuimbia nyimbo. Sisi tulikuwa tunausubiri uondoke. Giza lilikuwa shamba letu, na mtoto wa omena kuliogopa giza ni kama mtoto wa mwokaji kuogopa unga.

Nami sikuwa nikiogopa fisi wala mashetani. Nilimwogopea Baba. Kila jioni alipokuwa akisukuma boti na wenzake, nilisimama mlangoni nikizitazama taa zikiwaka moja moja juu ya maji mpaka zikawa kama mji ng'ambo, na sikuweza kujua ipi ilikuwa yake. Kisha Mama alifunga mlango na kuzima koroboi ili mafuta yafike Jumapili. Giza lililokuwa chumbani lilikuwa lile lile lililomzunguka Baba. Kwa akili yangu ya utoto giza lilikuwa mnyama mmoja mrefu, tumbo lake limelala juu ya ziwa na mkia wake umepenya chini ya mlango wetu. Nililia mpaka Mama akawa anaiwasha tena ile koroboi, na Jumapili mafuta yalikuwa hayapo.

Likizo ya Agosti mwaka ule ndipo Rashidi alipokuja. Alikuwa mtu wa Kisumu mjini, Mwislamu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe isiyochafuka hata pale kwenye magamba ya samaki, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza vizuri hadi tukawa tunamuuliza vitu tusivyovihitaji ili tumsikie akijibu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga, na sisi wenyeji tulipona kweli, maana aliteremsha kutoka kwenye mkokoteni televisheni, jenereta na katoni ya sidii. Hakuchukua muda kuujua mwezi wetu. Siku za giza alionyesha picha chache, siku za mbalamwezi alionyesha nyingi, kwa sababu ndipo wavuvi walipokuwa na nafasi. Jumamosi saa nane ilikuwa ya watoto, na watoto tulikuwa na katuni moja tu. Kila Jumamosi ile ile. Hakuna aliyelalamika, maana hata ugali ni ule ule kila siku.

Katuni ilikuwa ya Kiingereza, cha haraka, cha puani. Rashidi alisimama kando ya televisheni na fimbo ya mwanzi mkononi akitufasiria. Kulikuwa na nchi, alisema, ambamo mzee mmoja kazi yake ilikuwa kuwasha taa za barabarani kila jioni. Siku moja Giza lenyewe, jitu laini kama moshi, refu, lisilo na macho, liliteremka kutoka mlimani likammeza yule mzee pamoja na ngazi yake. Akabaki binti yake mdogo mwenye viatu vyekundu. Jina la binti sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Rashidi alimwita Achieng', aliyezaliwa jua likiwa kali, na nilikuja kusikia kwamba alipohamia Port Victoria alimwita Nekesa, kwa jina la wasichana wa kule. Achieng' alipanda ndege wa kioo, akavuka mto wenye kuimba, akala chakula na panya wenye miwani, akafika kwenye mdomo wa pango ambamo Giza lilikuwa limelala. Akavua viatu vyake vyekundu asisikike. Akaingia.

Hapo televisheni ikawa nyeusi.

Jumamosi ya kwanza kibanda kizima kililipuka. "Rashidi, petroli imeisha!" "Ati imeisha na jenereta inalia?" "Basi televisheni imekufa, tuombee!" Rashidi alikuwa akipiga mabati kwa fimbo akisema jamani, subirini, ndivyo picha ilivyo, hapo ni ndani ya pango. Mimi sikusubiri. Ule mwanga mdogo wa televisheni ndio uliokuwa umeniweka pale muda wote, na ulipoondoka nilisikia mkia wa yule mnyama wangu ukinigusa mguu. Nilikanyaga watoto watatu, nikalikosa blanketi, nikagonga bati, nikalipata blanketi, nikatoka. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nilijikuta kwenye jua kali, kati ya nyavu za omena, na Risper akiniangalia na mkono kiunoni.

"Sasa hii ni saa nane mchana," alisema. "Hata mchana umepata usiku wa kutoroka?"

Ningeiacha katuni ile ijiendee zake kama isingekuwa hadithi ya baba. Lakini kulikuwa na mzee ndani ya tumbo la Giza na binti yake alikuwa ameshaingia kumfuata, na mimi nilihitaji kujua kama alitoka naye. Sikuihitaji habari hiyo kama mtu anavyohitaji mwisho wa hadithi. Kwangu ilikuwa kama habari kutoka ziwani. Niliwauliza watoto waliobaki ndani. Wakaapa kutosema, washenzi wale, wakanijibu wimbo mmoja: "Ingia ujionee! Ingia ujionee!" Nilimuuliza Mama, Mama akasema yeye picha yake ni omena.

Jumamosi ya pili niliingia nimeshika kibiriti mfukoni. Nilifika mpaka kwenye viatu vyekundu. Televisheni ilipozima nilisema nitahesabu mpaka kumi. Nilifika nne. Huko nje, nikiwa nimeegemea mabati huku nikilia kwa hasira, niliisikia sauti ya Risper mwenyewe, aliyekuwa ameingia na mwanawe. Nadhani picha ilikuwa imerudi, na Achieng' alikuwa ameinua taa yake kulifukuza Giza, maana Risper alipiga kelele: "Achana na giza ya watu, we mtoto! Ukiimaliza, sisi tutakula nini?" Kibanda kizima kikapiga makofi. Watu wangu walikuwa upande wa Giza! Halafu nikamsikia Rashidi akinyamaza kidogo, kama dereva aliyefika njia panda, kisha akaendelea kwa sauti ya chini ambayo sikuweza kuipata kupitia bati na sabuni.

Wiki ile nilimfuata Rashidi ufukoni alipokuwa akiosha miguu kwa ajili ya sala. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, aniambie tu kama yule mzee alitoka. Jambo moja tu hilo.

"Binti yangu," akasema, "mwisho wa picha hausimuliwi juani."

"Lakini mimi naogopa, Mzee Rashidi."

"Na mimi siogopi? Tangu nije hapa umeniona nimepita magoti kwenye haya maji?" Akanionyesha: kweli suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, hakuna zaidi. "Ziwa lenu hili naliogopa kama kifo. Lakini nimekuja kukaa kando yake. Mwenye kuogopa akae karibu, ndiyo dawa. Njoo Jumamosi, ukae mbele."

Jumamosi ya tatu mwezi ulikuwa mpevu na boti zote zilikuwa zimelala. Baba, aliyekuwa ameshinda asubuhi akishona wavu, alinawa mikono na kusema na yeye anataka kuona hiyo picha inayomkimbiza mtoto wake. Nilimwomba akae nami. Akasema benchi za mbele ni za watoto, yeye akikaa mbele watoto wa nyuma wataangalia shingo yake. Kwa hiyo mimi nilikaa mbele, karibu na fimbo ya Rashidi, na Baba akaenda nyuma kabisa na wavuvi wenzake, wakicheka kwa mabega kama watu wazima waliojipenyeza mahali pa watoto. Nilimtazama mpaka blanketi liliposhushwa. Kisha sikumwona tena.

Ndege wa kioo akapita. Mto ukaimba. Panya wakavaa miwani. Nilikuwa nimeshikilia ubao wa benchi mpaka vidole vikauma, na nilipoviona viatu vyekundu vikiwekwa kando ya jiwe nilijua zimebaki pumzi mbili. Televisheni ikawa nyeusi. Safari hii hakuna aliyepiga kelele kuhusu petroli, maana wote walikuwa wameshajua, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi. Nilisimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshageukia blanketi.

Kutoka nyuma, gizani, ikaja sauti ya Baba, ndefu, ya kuvuka maji: "Un kanye?"

Mko wapi, kwa Kiluo. Ndivyo wavuvi wa bichi yetu wanavyoitana. Upepo ukizima karabai, au ukungu ukishuka boti zisionane, nahodha mmoja huita hivyo, na kila boti lazima ijibu, moja baada ya nyingine, ili pasiwe na anayegongwa wala anayepotea. Ukisikia umeitwa na usijibu, wenzako wataacha nyavu zao waanze kukutafuta. Nilikuwa nimelisikia neno lile maisha yangu yote likizungumzwa kwenye chai, lakini sikuwahi kulisikia mahali pake, ndani ya giza.

"Wan ka!" akajibu mtu kwenye kona. Tuko hapa. "Wan ka!" akajibu mwingine karibu na jenereta. "Wan ka, na mtu amekalia mguu yangu!" akasema Risper, na watu wakacheka, lakini kujibu hakukukoma: kulia, kushoto, katikati, wanaume, wanawake, watoto waliokuwa wameniimbia ingia ujionee. Kila sauti ilikuwa kama taa inayowashwa. Lile giza nililolidhani mnyama mmoja likawa limejaa watu, na kila mmoja nilijua amekaa wapi. Kisha pakawa kimya tena, na nikaelewa kwamba imebaki boti moja ambayo haijajibu.

"Wan ka!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi wa wavu. Nilijibu kwa wingi, kama boti inavyojibu, ingawa nilikuwa peke yangu.

"Haya," Baba akasema kule nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Boti zote ziko."

Rashidi, Mungu amweke, alikuwa msanii. Aligonga bati kwa fimbo yake na kusema, "Na Achieng' naye, ndani ya pango, akaita: Un kanye? Na baba yake, ndani ya tumbo la Giza, akamjibu. Naye akaifuata ile sauti." Picha ikarudi. Binti alikuwa amemshika baba yake mkono. Ukalipuka mwanga mkubwa, mweupe, ukajaza televisheni yote. Rashidi akautazama, akatutazama na sisi, akasema, "Hiyo ni karabai ya baba yake. Kumbe mzee alikuwa hajamezwa, alikuwa kazini. Na omena wamejaa mpaka boti inazama!" Nimewahi kusikia watu wakishangilia mpira, nimewahi kusikia watu wakishangilia matokeo ya uchaguzi. Sijasikia tena makofi kama yale. Risper alikuwa akilia machozi ya furaha kwa ajili ya omena wa katuni.

Mwezi ulipopungua Baba alirudi ziwani. Jioni ya kwanza, boti ikiwa imeshafika mahali maji yanapobadilika rangi, aligeuka akaita, na mimi nikajibu kutoka mlangoni kwa sauti iliyowafanya kuku wa jirani waamke. Kisha niliingia ndani nikaipuliza koroboi mimi mwenyewe. Asubuhi, kwenye nyavu, nilimsikia Mama akimwambia Risper, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa tu, kwamba siku hizi mafuta yake yanavuka Jumapili.

Sasa mimi ni fundi wa mapazia hapa Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mkono wangu umenyooka, na mapazia yangu mazito ukiyafunga mchana hutaona kidole chako. Nadhani mnajua nilijifunzia wapi. Mchana wakati wa chakula huwa nachora kwa kidole kwenye simu, picha moja baada ya nyingine, mpaka zitembee. Ni simu hiyo hiyo iliyonirudishia ile katuni siku moja, yote, na sauti yake yenyewe. Nikaitazama nikila maandazi. Pangoni, pale televisheni ilipokuwa nyeusi, hapakuwa na mtu aliyeita. Palikuwa kimya tu, halafu yule binti, ambaye wala hakuwa Achieng', akawasha moto wa ajabu akalichoma Giza, likateketea likilia, na mwanga ule mweupe ulikuwa moto wenyewe. Sijui kama Rashidi hakukijua Kiingereza, au alikijua na akatuonea huruma. Nilikasirika kwa siku nzima. Siku ya pili kiburi kilianza kunijaa kifuani, na hakijatoka: wenye pesa na mitambo walitengeneza picha nzima, na mwisho wake mzuri ulitengenezwa na wauza omena wa Asembo Bay, ndani ya kibanda cha sabuni.

Basi nikatengeneza ya kwangu. Ni dakika tatu tu, na imenichukua zaidi ya mwaka, lakini imekwisha, maana hakuna refu lisilo na ncha. Msichana, boti, na karabai inayozimwa na upepo. Katikati nimeweka giza tupu la kuhesabu mpaka kumi, na ndani yake sauti ya Baba, niliyoirekodi kule bichini, upepo ukiwa unavuma kwenye simu. Likizo iliyopita niliwaita watoto wa majirani kwenye karakana yangu, nikafunga mapazia saa nane mchana. Watoto hawa ni wa umeme. Taa za barabara kuu huwaangazia mpaka vitandani, na giza wanalolijua ni la dakika chache stima ikipotea. Mmoja wao, mdogo, jina lake Hawa, binti wa mama anayeuza chapati hapo mlangoni, alinishika gauni tangu mwanzo hakuniachia. Kioo cha simu kikawa cheusi. Baba akaita: "Un kanye?" Hakuna aliyejibu. Nikahesabu nne, na nikakumbuka kwamba mimi pia niliishia nne. Nilitaka kujibu mimi, nikajizuia. Ndipo gauni langu likavutwa na sauti nyembamba ikasema, "Tuko hapa!" Halafu mwingine. Halafu wote, kwa Kiswahili, kwa Kiluo, kwa lugha zao za mtaani, hadi mapazia yakatikisika.

Jioni Baba alinipigia. Siku hizi karabai zao ni za sola, na kila boti ina simu, lakini simu ikilowa, aliniambia, bado mdomo hauhitaji chaji. Hakuuliza kama picha ilikuwa nzuri.

"Walijibu?"

"Walijibu, Baba. Hata mafundi wa baiskeli huko nje, hawaoni kitu, hawajui ni nini, nimewasikia kupitia pazia: Wan ka!"

Nikasikia nyuma yake maji yakipiga ubao.

"Haya," akasema. "Boti zote ziko."